Moto Uani, Joto Nyumbani

Wengi wetu huwasha moto kila siku, na kazi ya moto huo ni kupika. Wenzetu wakaao Njombe, Makete na milima ya Lushoto wana kazi ya pili ya moto mwezi wa sita na wa saba, yaani kuota. Lakini ziko nchi ambako moto wa kuota si jambo la jioni mbili tatu. Huko ni jambo la kufa na kupona, na kwa miezi mitano hauruhusiwi kuzimika.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji jinsi watu wa vijijini huko Marekani wapashavyo nyumba zao joto kwa tanuru la kuni lililosimama nje, uani, mbali na nyumba yenyewe. Chombo chenyewe ni kigeni kwetu. Hata hivyo msomaji ataona kwamba shida yake kubwa twaijua sote toka utoto: kuni mbichi na moshi wake.

BARIDI ILIVYO HUKO

Tulichukue jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa, mpakani mwa Kanada. Wakati wa baridi maziwa huganda hata magari yakapita juu yake. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, kipimajoto kilishuka mpaka nyuzi 51 chini ya sifuri. Siku hiyo ilizishinda zote zilizopata kupimwa katika jimbo hilo, lakini usiku wa nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri si ajabu kwao. Nyumba isiyo na moto usiku kama huo haikaliki. Maji huganda ndani ya mabomba na kuyapasua, maana maji yakiganda huvimba. Wazee na watoto wachanga huwa hatarini kabla hakujapambazuka.

Mijini gesi huja kwa bomba toka mbali. Vijijini mara nyingi bomba hilo halifiki. Mkulima hana budi kununua mafuta au gesi iletwayo kwa lori, na bei hupanda na kushuka bila yeye kuulizwa. Lakini mkulima huyo huyo aweza kuwa na msitu nyuma ya shamba lake. Ndiyo maana baada ya mwaka 1973, mafuta yalipopanda bei duniani, watu wengi walirudia kuni.

Jiko la kuni ndani ya nyumba latoa joto zuri, ila lina taabu zake. Magome na majivu huchafua sakafu, na wadudu hutoka katika magogo. Tena masizi yaliyoganda ndani ya dohani yaweza kushika moto usiku watu wamelala. Basi mafundi wakajiuliza: Kwa nini moto usikae nje, na joto peke yake likaingia ndani? Mwaka 1984, katika mji wa Greenbush huko huko Minnesota, kilianzishwa kiwanda cha Central Boiler, ambacho matanuru yake ya uani yamejulikana sana. Vingine vilitokea majimbo mengine.

MAJI NDIYO MCHUKUZI

Ukiliona kwa mbali, tanuru hili lafanana na kibanda kidogo cha bati chenye dohani. Ndani yake mna chumba cha moto cha chuma kinene. Kuzunguka chumba hicho kuna tangi la maji, na nje ya tangi limetandazwa tabaka nene la kuzuia joto lisipotee. Mwisho ndipo ukuta wa bati.

Moto hupasha maji mpaka nyuzi 80 au zaidi kidogo, yaani bila kuchemka. Pampu ndogo ya umeme huyasukuma katika bomba lililofukiwa ardhini mpaka ndani ya nyumba. Humo maji hupita katika chombo chenye vijibomba vyembamba vingi, mfano wa rejeta ya gari. Feni hupuliza hewa katikati ya vijibomba hivyo, na hewa iliyopata moto huenea vyumbani. Nyumba nyingine zina mabomba yaliyolazwa chini ya sakafu, hata watu hutembea pekupeku huku nje theluji inaanguka. Maji yakiisha kutoa joto lake hurudi tanuruni kuchukua jingine. Ni maji yale yale, huenda na kurudi mchana na usiku.

Msomaji aweza kuuliza: Kwa nini maji, isiwe hewa ya moto kupita bombani? Jibu ni kwamba maji ni mchukuzi hodari kupita kiasi. Lita moja ya maji ikipoa kwa nyuzi moja hutoa joto zaidi ya mara 3,000 ya lile litolewalo na lita moja ya hewa. Kwa sababu hiyo bomba la inchi moja tu laweza kupasha nyumba nzima.

Wakaao Kericho au Mufindi wataikumbuka boila ya kuni ya kiwanda cha chai. Hiyo ni ndugu ya tanuru hili, lakini si pacha wake. Boila ya kiwandani hufanya mvuke wenye nguvu ndani ya chuma kilichofungwa, na mvuke huo ukikosa njia waweza kupasua chuma chenyewe. Matanuru mengi ya uani yana tundu wazi juu ya tangi, ili maji yakizidi moto mvuke wake upate pa kutokea. Tundu hilo ndilo usalama wa watu wa nyumba hiyo, na halizibwi kamwe.

KULISIMAMISHA

Kazi huanza wakati wa joto, mwezi wa sita au wa saba, kwa kuwa baridi ikiisha kuingia, sululu hugonga ardhi kama mwamba. Kaskazini mwa Minnesota kanuni za ujenzi zataka msingi wa nyumba ushuke futi 5, ili usisukumwe na ardhi igandayo.

Jambo la kwanza ni kuchagua mahali. Tanuru likikaa karibu sana na nyumba, moshi huingia madirishani. Likikaa mbali sana, bomba huwa refu, na gharama na joto lipoteapo njiani huzidi. Tena mwenye tanuru lazima autazame upepo: watokea wapi wakati wa baridi, nao wampelekea nani moshi? Yampasa pia kuuliza serikali ya mahali pake, maana sheria hutofautiana. Jimbo la Vermont lilianza mwaka 1997 kudai umbali wa futi 200 kutoka nyumba ya jirani. New York ilipiga marufuku mwaka 2011 kuuza matanuru mapya yasiyo na cheti cha usafi, ikataka na dohani isipungue futi 18.

Jambo la pili ni kitako cha zege juu ya kokoto. Tanuru ni chuma kitupu, na maji nayo ni mazito: tangi la lita 750 laongeza kilo 750. Pasipo kitako imara chombo hulala upande, na mabomba hukatika.

Jambo la tatu ni handaki na bomba, na hapa ndipo wengi hupunguza gharama kisha wakajuta. Bomba zuri limevikwa vazi nene lisilopitisha maji. Bomba rahisi huvikwa vazi jembamba na kuingizwa katika bomba jingine kubwa; maji ya ardhini yakipenya humo, joto huishia njiani. Alama yake haifichiki. Theluji ikiisha kufunika uwanja wote, huonekana mstari ulioyeyuka kutoka tanuruni mpaka ukutani mwa nyumba. Mpita njia akiuona ajua kwamba mwenye nyumba huyo awaotesha moto minyoo.

Jambo la nne ni kuunganisha. Kazi ya waya ni ya fundi wa umeme, na viungo vya bomba ni vya fundi wa bomba. Ukutani mwa sebule huwekwa kidhibiti cha joto. Chumba kikipoa, chombo hicho huamsha feni au pampu. Chumba kikipata joto la kutosha, huzizima.

MOTO WA KWANZA

Kabla ya kuwasha, tangi hujazwa maji, na hewa yote hutolewa katika mabomba, kwa kuwa hewa ikibaki humo pampu huzunguka bure. Maji hutiwa dawa ya kuzuia kutu, na kila mwaka hupimwa, maana kutu ndiyo mauti ya matanuru mengi. Kila kiungo hukaguliwa kwa tochi na kuguswa kwa kitambaa kikavu. Hapo ndipo moto mdogo wa vijiti vikavu huwashwa.

Muda si mrefu mwenye tanuru jipya aweza kushtuka. Kuta za chumba cha moto hutokwa jasho, na matone huanguka juu ya makaa yakilia chaa! Adhani tangi limetoboka. Sivyo. Ni mvuke utokao katika kuni, nao umegusa chuma kilicho baridi bado ukageuka maji, kama vile mfuniko wa sufuria ulowavyo kwa ndani. Maji ya tangi yakipita nyuzi 65 hivi, jasho hukoma. Lisipokoma, ndipo fundi aitwe.

Tena yafaa kuwa na saburi. Kupasha lita 750 kutoka nyuzi 10 mpaka 80 hutaka kilo 25 za kuni kavu au zaidi, kabla nyumba haijaonja joto lolote. Pampu ikiisha kufunguliwa, maji yarudiyo mwanzoni huwa baridi, na kipimajoto cha tangi hushuka tena. Saa kadhaa hupita ndipo nyumba ikubali.

Mlango wa tanuru una adabu yake. Moto ulionyimwa hewa huwa umejaa gesi, na gesi hiyo ikipata hewa kwa ghafula yaweza kulipuka usoni mwa mtu. Basi mlango hufunguliwa ufa tu kwanza, mtu amesimama kando, amevaa glavu. Hungoja kidogo, kisha hufungua wazi. Watoto hawaruhusiwi kuugusa. Majivu huchotwa kwa koleo na kutiwa katika ndoo ya chuma yenye mfuniko, maana kaa lililofichika majivuni laweza kuishi siku kadhaa.

Baada ya hapo huanza kazi ya kila siku. Tanuru hulishwa asubuhi na jioni kama ng'ombe wa maziwa, na kama ng'ombe, halijui Krismasi wala harusi. Maji ya tangi peke yake, moto ukizimika, yaweza kuishika nyumba kwa saa moja au mbili tu usiku wa baridi kali. Mwenye kusafiri lazima aache mtu wa kulisha, au awe na jiko jingine la gesi la kushika zamu. Umeme nao ukikatika, pampu husimama ingawa moto wawaka. Kwa ajili hiyo wenye busara huweka jenereta ndogo.

MOSHI HUU NI WA NANI?

Sasa twafika kwenye neno zito. Maji yakiisha kufika joto lililowekwa, kilango cha hewa hujifunga. Moto haufi, lakini haupati pumzi, hufuka tu. Moshi wake huwa mzito na wa baridi, na dohani ikiwa fupi haupandi juu, bali hutambaa chini mpaka kwa jirani. Mwenye tanuru amelala kwa raha, joto lake li ndani na moto wake u nje. Jirani, asiyepata hata chembe ya joto lile, ndiye afungaye madirisha na kukohoa. Mwenye pumu hapati usingizi. Hivyo ndivyo matanuru ya zamani yalivyoleta ugomvi katika vijiji vingi, na ndiyo asili ya sheria zile za Vermont na New York.

Moshi wa kuni si harufu tu. Ndani yake mna vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, lipenyalo mpaka ndani kabisa ya mapafu, tena mna gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliweka kipimo cha moshi kwa matanuru mapya ya namna hii nchini kote. Mwaka 2020 kipimo hicho kilikazwa tena, kikashushwa hadi kama theluthi moja ya kile cha kwanza.

Mafundi walilazimika kubuni tanuru jingine. Katika lile jipya moshi hautoki moja kwa moja. Hushushwa katika chumba cha pili chenye joto kali mno, ukachanganywa na hewa mpya, ukawaka. Maana moshi ni nini? Ni kuni ambazo hazijateketea. Mwenye kuona moshi mweusi ukitoka kwenye dohani yake aona jasho lake mwenyewe likipaa. Tanuru liunguzalo moshi wake hutumia kuni chache kwa joto lile lile.

Lakini hata tanuru jipya halina uwezo juu ya kuni mbichi. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Mtu abebaye kilo 10 za kuni hizo kupeleka motoni, abeba karibu kilo 5 za maji. Moto sharti uyachemshe maji hayo kwanza, kabla ya kupasha yale ya tangi. Na kwa kuwa umepoa kwa kazi hiyo, moshi hauungui. Ndiyo maana viwanda hutaka kuni ambazo maji yake hayazidi sehemu 20 katika 100.

Kuni za namna hiyo hazipatikani kwa haraka. Hukatwa na kupasuliwa kabla ya baridi ya mwaka ule, na za miti migumu kama mwaloni hungoja mwaka mmoja hata miwili. Hupangwa juu ya magogo zisiguse ardhi, hufunikwa juu tu, na ubavuni huachwa wazi upepo upite. Kipimo chao cha kuni ni rundo lenye urefu wa futi 8, kimo futi 4 na upana futi 4. Nyumba moja yaweza kula marundo 8 au 10 kwa baridi moja. Hebu fikiri kazi hiyo, kukata na kupasua na kupanga, kisha kungoja mwaka! Wale wasioweza kungoja ndio wajazao kijiji moshi.

Tena kuni hizo hazichukuliwi popote. Mwaka 2002 aligunduliwa huko Michigan mdudu wa kijani kutoka Asia, auaye miti aina ya mwesh. Mwaka 2009 alionekana Minnesota. Ameua mamilioni ya miti, na njia yake moja ya kusafiri ni kujificha katika kuni zipakiwazo garini. Kwa sababu hiyo watu hukatazwa kuhamisha kuni kutoka wilaya zenye mdudu huyo. Na takataka, plastiki na mbao zilizopakwa rangi ni mwiko kabisa katika tanuru, kwa kuwa moshi wake ni sumu.

NASI JE?

Hatuna haja ya kununua tanuru la uani. Baridi ya Njombe haitaki kitu kama hicho. Lakini somo lake latufaa, maana moshi ambao Mmarekani yule ampelekea jirani, sisi mara nyingi twawaachia mama na watoto walio jikoni mwetu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupika kwa kuni, mkaa, mafuta ya taa na vitu kama hivyo, iliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao wamo watoto wengi waliokufa kwa kichomi.

Wazee wetu walijenga uchaga juu ya mafiga, wakaweka kuni humo zikauke kwa joto la moto ule ule. Wakasema: Kuni zilizo juu ya uchaga huzicheka zilizo motoni. Methali ni ya kuonya wanadamu, lakini uchaga wenyewe ulikuwa na kazi. Siku hizi katika nyumba nyingi hauonekani tena, na kuni hutoka kichwani kwa mama zikaingia motoni siku ile ile.

Basi baba wa nyumba anaweza kufanya mambo machache yasiyotaka fedha nyingi. Apasue kuni nyembamba wakati wa kiangazi, azipange chini ya paa dogo, mbali na ardhi, zikae miezi sita au zaidi. Ataka kujua kama zimekauka? Atazame ncha zake: kuni kavu ina nyufa, na gome lake huachia. Agonganishe mbili: zilizokauka hulia kwa sauti kali, mbichi hulia kwa sauti nzito iliyokufa. Apandishe tundu la moshi juu ya jiko, au, akiweza, ajenge dohani ya matofali. Moto nao usijazwe kuni mpaka ukakosa pumzi. Kuni chache zenye hewa hupika upesi kuliko nyingi zinazofuka.

Na kazi hii isiachiwe mama peke yake kwa kuwa jiko ni lake. Huko Minnesota, kukata kuni na kuzikausha ni kazi ya nyumba nzima, baba akiwa wa kwanza, kwa sababu wote waijua baridi itakavyowakuta. Moshi wa jikoni hauji kwa kishindo kama baridi ile, lakini mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake auvuta kila siku, asubuhi na jioni.